Umepima Siku ya Ngapi?

Ukikaa hosteli mwaka mmoja tu, lazima utaisikia sentensi hii: "Nimepima, niko poa." Anaisema aliyeamka na homa juzi, akapita zahanati, akatobolewa kidole na kurudi na karatasi iliyoandikwa hasi. Anaisema pia mwingine, kwa sauti ya chini kidogo, aliyefanya ngono bila kinga Jumamosi na kupima VVU Jumatatu. Wote wawili wana karatasi mkononi, na maabara haikumdanganya yeyote. Ila huyu wa Jumatatu hajajibiwa kabisa swali alilokwenda nalo, na huyu wa homa inawezekana naye hajajibiwa.

Sababu ni moja. Vipimo vingi vya virusi tunavyokutana navyo mtaani na zahanati havitafuti virusi. Vinatafuta kingamwili, yaani dalili kwamba mwili umeshamwona mgeni na umeanza kumjibu. Na mwili haujibu siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "majibu yanasemaje?" kuna swali linalotakiwa kutangulia: umepima siku ya ngapi?

Makala hii ni ya kila mtu, hata kama mara ya mwisho kusoma biolojia ilikuwa kidato cha nne. Wenzetu wa udaktari na maabara watuvumilie tukienda polepole.

Fundi hashoni kabla hajapima

Kingamwili ni protini. Kazi yake ni kushika kitu kigeni kilichoingia mwilini, kiwe kirusi, bakteria au sumu, na kukizuia au kukionyesha kwa askari wengine wa mwili ili kimalizwe. Kila kingamwili ina umbo lake, na hushika kitu kimoja au vinavyofanana nacho sana. Kingamwili ya surua haina habari na virusi vya homa ya ini.

Zinatengenezwa na chembe za damu ziitwazo seli B. Mwilini mwako zipo seli B za namna nyingi mno, na kila moja inabeba umbo lake. Kirusi kipya kikiingia, zile chache zinazoweza kukishika lazima kwanza zikutane nacho, kisha zijizalishe ziwe jeshi, ndipo zianze kumwaga kingamwili kwenye damu. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa, na kwa virusi vingine wiki kadhaa. Hakuna njia ya mkato. Fundi cherehani hawezi kukukabidhi suti ya mahafali siku aliyokupima, hata ukimwahidi hela zote za bumu.

Zipo aina kadhaa za kingamwili, lakini kwenye karatasi za maabara utakutana zaidi na mbili. Ya kwanza ni IgM. Hii ndiyo inayotangulia kutoka. Ni kubwa, ina sehemu 10 za kushikia, lakini mshiko wa kila moja si imara sana. Haidumu: mara nyingi huanza kupungua ndani ya wiki au miezi. Ya pili ni IgG. Inachelewa kidogo, ila inashika vizuri zaidi na inaweza kubaki kwenye damu miaka mingi, pengine maisha yote. Mwili ukikutana tena na kirusi kilekile, IgG hurudi kwa kasi kubwa, maana safari hii vipimo vya suti viko tayari kwenye daftari la fundi.

Kutokana na hapo ikapatikana kanuni rahisi inayofundishwa darasani: IgM maana yake maambukizi ya sasa, IgG maana yake maambukizi ya zamani au chanjo. Ni kanuni nzuri ya kuanzia. Matatizo mengi tutakayoyaona hapa chini yanatokana na watu kuishia hapohapo.

Kaseti moja, maswali mawili

Kabla hatujaenda mbali, tuondoe mkanganyiko mmoja. Kile kikaseti cha plastiki chenye mistari unakijua. Kinatumika kupima mimba, malaria, VVU, na wakati wa Uviko-19 tulikiona kikiingizwa pamba iliyotoka puani. Kwa macho vyote vinafanana. Lakini haviulizi swali moja.

Kundi la kwanza linatafuta kitu chenyewe. Kipimo cha mimba kinatafuta homoni ya mimba. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta protini za kimelea. Kipimo cha pamba ya puani cha Uviko kinatafuta protini za kirusi. Kitu hicho kinachotafutwa huitwa antijeni. Kinachochanganya ni kwamba ndani ya kaseti hizi kuna kingamwili, lakini zimewekwa na kiwanda kama ndoano za kuvulia. Anayevuliwa ni mgeni.

Kundi la pili linageuza mambo. Kiwanda kinaweka kipande cha kirusi kama chambo, halafu kinasubiri kuona kama damu yako ina kingamwili za kukikamata. Vipimo vingi vya haraka vya VVU viko hapa, pamoja na vile vya dengi vinavyosoma IgM na IgG. Kundi hili halimwoni mgeni. Linaona nyayo zake.

Kuna kundi la tatu ambalo halitumii kaseti hizi: PCR, inayotafuta na kuzidisha vinasaba vya kirusi hadi vionekane. Inagharimu zaidi na inahitaji mashine na mtaalamu, lakini inaweza kumnasa mgeni tangu siku za mwanzo, kabla mwili haujajua kinachoendelea.

Kwa hiyo ukiambiwa "umepimwa dengi" au "umepimwa Uviko", bado hujaambiwa kitu kamili. Umepimwa kwa kipimo cha kutafuta mgeni, au cha kutafuta nyayo?

Kalenda ya dengi

Tuchukue mfano wa nyumbani. Dar es Salaam imepitia milipuko ya homa ya dengi zaidi ya mara moja, na ile ya 2014 na 2019 wengi wanaikumbuka. Dengi inaenezwa na mbu aina ya Aedes, mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana. Chandarua unacholalia usiku hakimhusu sana. Anakukuta ukiwa kibarazani unasoma.

Mgonjwa anaanza na homa kali ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, mwili kuvunjika. Sasa tuhesabu siku, tukianzia siku homa ilipoanza.

Siku ya kwanza hadi ya tano, virusi vinazunguka kwenye damu. Huu ndio wakati wa PCR, na pia wa kipimo cha antijeni kiitwacho NS1, protini ambayo kirusi cha dengi hukimwagia kwenye damu. Kingamwili bado. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, IgM inaonekana kwa takriban nusu ya wagonjwa kati ya siku ya 3 na ya 5, kwa asilimia 80 ifikapo siku ya 5, na kwa asilimia 99 ifikapo siku ya 10. Kilele chake huja kama wiki ya pili, kisha inashuka hadi kutoonekana ndani ya miezi miwili au mitatu hivi.

Ukiangalia kalenda hiyo utaona tatizo lilipo. Mwanafunzi mwenye homa huenda zahanati siku ya pili, wakati kingamwili haijafika. Akipimwa IgM peke yake, majibu yatakuwa hasi hata kama dengi anayo. Akirudi siku ya 10, kipimo kinasema chanya kwa uhakika mkubwa, lakini wakati huo ameshapona au ameshalazwa.

Na si suala la kujua jina la ugonjwa tu. Hatari ya dengi haiko kwenye zile siku za homa kali. Iko pale homa inaposhuka, kama siku ya 3 hadi ya 7, ambapo mishipa midogo ya damu inaweza kuanza kuvuja na chembe sahani kupungua. Mtu anadhani amepona, kumbe ndiyo kwanza anaingia eneo la hatari. Mwenye karatasi hasi mfukoni ana sababu ya ziada ya kujiona mzima. Tena mwili ukiuma anakwenda duka la dawa na kuomba diclofenac, dawa ambayo, pamoja na aspirini na ibuprofen, mgonjwa wa dengi anatakiwa kuziepuka kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu. Ya kushusha homa ni parasetamoli, kwa kipimo chake. Na maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au pua, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida, hizo ni dalili za kurudi hospitali mara moja, karatasi iseme hasi au chanya.

Kuna jambo jingine. Dengi ina aina nne za virusi, na mtu anaweza kuugua zaidi ya mara moja. Mara ya pili IgG hupanda mapema na kwa wingi, huku IgM ikiwa kidogo, wakati mwingine kidogo kiasi cha kutoonekana. Ile kanuni ya "IgM ni sasa, IgG ni zamani" inapinduka hapo: mgonjwa wa leo anasomeka kama mtu aliyeugua zamani. Ndiyo maana vituo vyenye uwezo hutumia kipimo kinachosoma NS1 na kingamwili kwa pamoja, ili kimoja kikikosa kingine kinase.

Uviko ulitufundisha hesabu hiyohiyo. Wataalamu waliokusanya tafiti za mwanzo kwa ajili ya mapitio ya Cochrane, Juni 2020, waliona kwamba vipimo vya IgM na IgG viliwanasa kama asilimia 30 tu ya wagonjwa katika wiki ya kwanza ya dalili. Wiki ya pili ikawa asilimia 72, na ya tatu asilimia 91. Mgonjwa ni yuleyule na ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni siku.

Dirisha la VVU

Sasa twende kwa yule wa Jumatatu, maana hapa kosa la siku lina gharama kubwa zaidi.

Baada ya VVU kuingia mwilini kuna muda ambao mtu ameshaambukizwa lakini kipimo hakimwoni. Washauri nasaha wanauita kipindi cha dirisha. Urefu wake unategemea kipimo. Kipimo cha vinasaba vya virusi kinaweza kunasa maambukizi kuanzia siku ya 10 hadi ya 33 hivi. Kile cha maabara kinachosoma antijeni na kingamwili pamoja, kwa damu ya mshipa, siku ya 18 hadi ya 45. Kinachosoma kingamwili peke yake, na hapa ndipo vilipo vipimo vingi vya haraka na vya kujipima mwenyewe, siku ya 23 hadi ya 90.

Soma tena namba hiyo ya mwisho. Kupima siku mbili baada ya tukio hakusemi lolote kuhusu tukio hilo. Kunaeleza hali yako ya miezi iliyopita. Si kazi bure, na tutaona kwa nini, lakini si jibu la Jumamosi.

Sasa angalia kinachotokea ndani ya dirisha hilo. Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wengi hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba, pengine vipele. Hapa kwetu mtu atasema malaria au mafua, anameza dawa, siku chache yanaisha. Lakini kipindi hichohicho virusi kwenye damu huwa vingi mno, na uwezekano wa kumwambukiza mwenzio uko juu. Yaani mtu anaweza kuwa kwenye hatari kubwa kabisa ya kuambukiza huku akionyesha, kwa nia njema kabisa, kipimo kinachosema hasi. Wapenzi wanaokwenda kupima pamoja mara moja, wakatupa kondomu siku hiyohiyo kwa furaha, wanastahili kuijua habari hii kabla ya kwenda, si baada ya miezi mitatu.

Kuna jambo moja la kufanya mapema kuliko kipimo chochote. Kama tukio limetokea ndani ya saa 72, usisubiri dirisha lifungwe ndipo utafute msaada. Kuna dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, wengi wanaziita PEP, ambazo huanzwa haraka iwezekanavyo ndani ya saa hizo na kumezwa kwa siku 28. Ukienda, utapimwa kwanza. Kipimo hicho cha kwanza hakikaguzi tukio la juzi. Kinaangalia kama ulikuwa na VVU tangu zamani, kwa sababu matibabu yake ni mengine. Baada ya dawa utaitwa kupima tena kwa ratiba, na ratiba hiyo imepangwa kwa kufuata kalenda ya kingamwili. Usiiruke. Tena dawa zenyewe zinaweza kuchelewesha kingamwili kutokea, ndiyo sababu nyingine ya kumaliza ratiba yote.

Na neno moja kwa aliye kwenye matibabu ya VVU: usijipime tena ili uone kama umepona. Dawa zikipunguza virusi sana, hasa zikianzwa mapema, mstari unaweza kufifia. Mstari kufifia si kupona.

Chanya nayo ina historia

Hadi hapa tumelaumu majibu hasi. Majibu chanya nayo yana maswali yake.

Swali la kwanza: nyayo hizi ni za lini? IgM hupungua, lakini si kwa kalenda moja kwa kila ugonjwa na kila mtu. Mwaka 2017 kituo cha CDC cha Marekani kilitahadharisha kwamba IgM ya virusi vya Zika inaweza kubaki zaidi ya wiki 12. Kwa mama mjamzito hilo si jambo dogo. Kipimo chanya hakimwambii kama aliambukizwa akiwa na mimba au kabla ya kuipata, na jibu la swali hilo ndilo alilokuwa akilitafuta.

Swali la pili: nyayo ni za nani? Virusi vina ukoo. Dengi, Zika, homa ya manjano na homa ya West Nile ni wa familia moja, na kingamwili iliyotengenezwa kwa mmoja inaweza kumshika ndugu yake. Aliyechanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari anaweza kuonyesha IgG kwenye kipimo cha dengi. Chikungunya nayo ina ndugu wa karibu, o'nyong-nyong, aliyegunduliwa kwenye mlipuko wa Uganda wa 1959, na kingamwili zao huchanganyana. Maabara kubwa hutumia vipimo vya ziada kuwatenganisha. Kaseti ya duka la dawa haina uwezo huo.

Swali la tatu linashangaza zaidi: je, nyayo ni zako? Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huzaliwa na IgG za mama, zilizovuka kondo la nyuma. Anaweza kuonekana chanya kwa kipimo cha kingamwili hadi miezi 18 bila kuwa na kirusi hata kimoja. Kwa sababu hiyo watoto hawa hawaamuliwi kwa kipimo cha kawaida. Wanachukuliwa tone la damu kisiginoni wakiwa na wiki chache na kupimwa vinasaba vya virusi. Kingeaminiwa kipimo cha nyayo peke yake, watoto wazima wengi wangeitwa wagonjwa.

Hesabu ya mlipuko na hesabu ya kawaida

Swali la nne ni la hesabu, na wenzetu wa takwimu watalipenda. Tuseme kuna kipimo kinachowanasa wagonjwa 95 katika kila 100, na kinawaachia wazima 95 katika kila 100. Kwa masikio yetu hicho ni kipimo kizuri. Sasa tukichukue tupime chuo kizima chenye wanafunzi 10,000, wakati ambapo asilimia 1 tu wana ugonjwa. Wagonjwa ni 100, kipimo kinawanasa 95. Wazima ni 9,900, kipimo kinakosea kwa asilimia 5, yaani watu 495. Jumla ya chanya ni 590, na wenye ugonjwa kweli ni 95. Kati ya kila watu sita walioambiwa wanaumwa, watano ni wazima.

Chukua kipimo hichohicho, ukitumie katikati ya mlipuko kwa watu 1,000 wenye homa, ambao 400 kati yao wanaumwa kweli. Kinanasa 380, kinawasingizia 30 kati ya wazima 600. Sasa chanya 410 zina wagonjwa 380 wa kweli. Kaseti haijabadilika. Aliyebadilika ni mtu aliyekaa kwenye kiti.

Ndiyo maana daktari mzuri anakuuliza maswali kabla ya kukupima: homa imeanza lini, umetoka wapi, nani mwingine anaumwa chumbani. Si umbea. Bila majibu hayo, mstari kwenye kaseti hausomeki vizuri. Na ndiyo maana chanya ya VVU haitangazwi kwa kaseti moja: inathibitishwa kwa kipimo kingine, cha aina tofauti.

Kazi ambayo kingamwili inaiweza

Usitoke hapa ukidhani vipimo hivi havifai. Vikitumiwa siku yake, vina kazi ambazo ni vigumu kuzifanya kwa njia nyingine.

Surua, kwa mfano, kwa miaka mingi imethibitishwa kwa IgM. Upele wa surua hutokea wakati ambao kingamwili nazo zinaanza kutoka, hivyo mgonjwa mwenyewe hufika karibu na siku inayofaa, ingawa sampuli ya siku tatu za mwanzo za upele bado inaweza kukosa. Homa ya ini A nayo hutambuliwa kwa IgM, maana dalili zinapoonekana kingamwili zimeshafika. Kwa homa ya ini B, kipimo cha kawaida ambacho wengi tunapimwa kabla ya chanjo hutafuta antijeni. Kinasema kirusi kipo, lakini hakisemi kimeingia mwezi uliopita au kipo tangu utotoni. IgM dhidi ya kiini cha kirusi ndiyo inayosaidia kutofautisha.

Njia makini zaidi ni ya zamani: kuchukua damu mara mbili. Sampuli ya kwanza wakati wa ugonjwa, ya pili wiki mbili au tatu baadaye, zote zipimwe pamoja. Kiwango cha kingamwili kikipanda mara nne au zaidi, maambukizi ni ya sasa, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba jibu linakuja mgonjwa akiwa ameshapona au la. Halimsaidii sana yeye. Linasaidia kujua ni ugonjwa gani unapita mtaani.

Na kujua hilo si jambo la kudharau. Mwaka 1870 homa kali yenye maumivu ya viungo ilipita Zanzibar. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika jina ambalo wenyeji waliuita ugonjwa huo, lile ambalo leo tunalitamka kidingapopo, na wapo wanaoamini kwamba jina la dengi duniani limetoka hapo. Miaka 80 hivi baadaye, 1952, ugonjwa wa aina hiyo ulizuka Newala, kwenye uwanda wa Makonde. Wagonjwa walipinda kwa maumivu, na jina la Kimakonde linaloeleza kupinda huko, chikungunya, likaingia kwenye vitabu vya dunia. Watafiti walichukua damu za wagonjwa, wakapata kirusi ambacho hakikuwa dengi. Baada ya hapo wataalamu wengine walirudi kusoma maelezo ya Christie na kusema huenda hata ile homa ya Zanzibar ilikuwa chikungunya. Haiwezi tena kuthibitishwa, kwa sababu hakuna damu iliyohifadhiwa. Dalili peke yake hazikutosha kutenganisha magonjwa haya karne ya 19, na hazitoshi leo.

Kwa upande mwingine, kuna magonjwa ambayo kusubiri nyayo ni kuchelewa. Virusi vya Marburg vilipothibitishwa Kagera Machi 2023, uthibitisho ulitoka kwenye PCR. Kwa magonjwa kama hayo na Ebola, mgonjwa aliyezidiwa anaweza kufariki kabla mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha kuonekana.

Ukienda kupima, uliza haya

Huhitaji kuwa mtaalamu wa maabara. Beba maswali manne, na usione aibu kuyauliza dirishani.

Moja, kipimo hiki kinatafuta virusi vyenyewe au kingamwili? Mtaalamu wa maabara anajua, na swali halimwudhi.

Mbili, kwa siku niliyofika, kinaweza kuona? Taja siku homa ilipoanza au siku tukio lilipotokea. Andika tarehe kwenye simu, maana ukiwa na homa siku huchanganyika.

Tatu, kikisema hasi, nirudi lini? Hasi ya mapema ni jibu la muda. Iombe tarehe ya kurudia, kama unavyoomba tarehe ya kufanya supp.

Nne, kikisema chanya, kinathibitishwaje? Hasa kama huna dalili, au kama ulishaugua au kuchanjwa kitu kinachofanana.

Na wakati unasubiri, ishi kana kwamba jibu bado halijatoka: kondomu iendelee, diclofenac ikae kabatini, maji na vinywaji vya kutosha kwa mwenye homa, na mwenzako wa chumba ajue dalili za hatari ili akukimbize hospitali ikibidi, hata kama ni saa nane usiku.